Chumba Kisicho na Pa Kufungia Chandarua

Katika nyumba yetu ya Sanje, kulala bila chandarua lilikuwa kosa kubwa kuliko kulala na njaa. Mama aliweza kukusamehe ukirudi umepoteza jembe, aliweza hata kukusamehe ukimjibu kwa kiburi, lakini akikukuta umesinzia mkekani nje ya chandarua, uliamshwa kwa kofi. Kwetu bondeni mbu ni jirani mwenye hati ya kiwanja. Maji yanashuka kutoka milimani, yanatuama kwenye majaruba, mpunga unasimama ndani yake, na mbu anazaliana humo bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wa utafiti wa mbu wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba tangu sijaanza shule, wakigawa vyandarua na kutuomba tuzibe uwazi kati ya ukuta na paa. Mama hakuhitaji kuelimishwa. Kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili, wote kwa homa.

Nayatanguliza haya kwa sababu kazi yangu ni kuchora majengo, na jengo lililonitoa jasho kuliko yote ni vyumba vinne vya wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya Ifakara. Watu wakisikia hivyo hudhani ugumu ulikuwa kwenye kuta na milango. Ugumu ulikuwa kwenye chandarua, na kwa mama yangu mzazi.

Mdogo wangu wa kiume, yule niliyemwachia ziwa, alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu. Alikuwa mtu wa utani, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya, mtu ambaye akiingia msibani hata wafiwa hujikuta wanatabasamu. Ugonjwa ulimwingia polepole. Kwanza aliacha kuimba. Baadaye usingizi ukamkimbia, halafu akaanza kusikia watu wanamsema ndani ya mlio wa pampu. Wenzake wa kambini, waliotoka mikoa tofauti na dini tofauti, walimwombea kila mmoja kwa namna yake, kisha wakamleta nyumbani. Muda si mrefu akajaribu kujiondolea uhai. Mama ndiye aliyemkuta, na kwa rehema za Mungu alimkuta mzima. Siku ile siisimulii zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja tu: asibaki peke yake.

Tulimpeleka hospitali. Wakati huo wagonjwa wa akili walilazwa katika chumba kimoja kilichokuwa zamani bohari ya dawa: dirisha dogo juu karibu na dari, nondo nene, mlango wa chuma, godoro sakafuni. Walimwondolea kila kitu walichokiona ni hatari, na chandarua kikiwemo, maana chandarua hakisimami bila kamba. Siwalaumu. Walijua wanachokiogopa, na hofu yao ilikuwa ya haki. Lakini dirisha lile halikuwa na wavu, na ilikuwa masika. Dawa zilimtuliza kichwa, ila alitoka mle na malaria iliyomlaza tena, safari hii wodi ya kawaida. Alipopona yote mawili alimwambia mama neno moja.

"Sirudi pale. Mkinipeleka pale tena, nitajua mmenitupa."

Miezi ikapita. Alimeza dawa zake, akamsaidia mama kwenye migomba na shamba la mpunga, akawa anatengeneza baiskeli na pampu za majirani. Lakini kila mtu aliyewahi kuuguza ugonjwa wa namna hii anajua kwamba unaondoka bila kuaga na unarudi bila kubisha hodi. Baba mdogo alilijua hilo. Yeye anaishi Uchindile, anafanya kazi kwenye mashamba ya miti, na alishuka kwa treni akaja kukaa nasi siku chache. Jioni moja, baada ya kula, alikohoa kama watu wazima wanavyokohoa wakitaka kusema jambo zito.

"Kule kwetu yupo mzee anawatuliza watu wa namna hii," alisema. "Anamfunga mguu kwenye gogo mpaka anyamaze. Si kwa ubaya, ni ili asijidhuru."

Nilimwamkia baba mdogo asubuhi na jioni kwa heshima zote, lakini pale nilisahau adabu. Nilimwuliza kama na yeye alipougua jino alifungwa kwenye gogo. Mama akanikata jicho. Baba mdogo hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, "Basi mwanangu, akirudiwa mtampeleka wapi, na hospitali hataki?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale, anasikia, anachezea kijiti. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Wiki chache baadaye hospitali ilipata fedha za kujenga wodi mpya ya wagonjwa wa akili, na ofisi ndogo ninayofanyia kazi ikapewa michoro. Nilimwambia mwajiri wangu kwamba kazi ile ni yangu, na kama anataka kumpa mtu mwingine anifukuze kwanza. Alizijua hasira zangu, akanipa. Nilipompigia mama simu kumweleza, alitoa hukumu yake. Chumba hicho kikiisha kabla ya masika, na mgonjwa mwenyewe akakikubali, atakwenda huko. Kisipoisha, au akikikataa, baba mdogo atakuja kumchukua. Kwa hiyo wakati wengine wanachora majengo kwa tarehe za mkandarasi, mimi nilikuwa nachora kwa mawingu.

Muuguzi kiongozi wa wodi alikuwa mama mtu mzima kutoka Usukumani, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilimwamkia, akaniitikia, akanishika mkono mpaka kwenye ile bohari ya zamani na kunisimamisha katikati.

"Binti, tazama humu kama mtu aliyechoka kuishi," alisema. "Kila kitu unachokiona kizuri nyumbani kwako, kitilie shaka."

Tukatazama pamoja. Alinifundisha kuona upya vitu ambavyo nimekuwa nikivichora kila siku bila kuvifikiria: pembe za kitanda, vioo, bomba la kunawia, pangaboi, mlango unaofunguka kuelekea ndani ambao mtu anaweza kuuzuia ili wenzake wasiingie kumsaidia. Alinieleza kwamba hamu ya kufa mara nyingi ni kama mawimbi ya homa, inapanda halafu inashuka, na kwamba kazi ya chumba ni kumvusha mtu mpaka ishuke. Nilishukuru kusikia hivyo. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima nikidhani tunangoja jambo ambalo lazima lije.

Nilichora kwa bidii. Kitanda cha mbao ngumu kilichofungwa sakafuni, pembe zote za mviringo, dari laini isiyo na kitu, ukuta usio na msumari hata mmoja. Mlango unafunguka nje. Dirisha dogo, juu, kwa sababu dirisha dogo lina hatari chache. Nilipomaliza niliona nimemaliza kweli. Jumamosi nikapanda basi mpaka Sanje na ramani yangu kwapani.

Mdogo wangu alikuwa uani amefungua pampu ya jirani, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Njoo uone kitu."

Alinawa, akafuta mikono kwenye suruali, akaitandaza karatasi juu ya mkeka na kuikagua kwa muda mrefu kama anavyokagua mashine.

"Hii ni pale?"

"Ni pale, lakini ni jengo jipya."

"Mtu yuko wapi?"

"Mtu gani?"

"Umechora kitanda, umechora mlango, umechora na choo. Anayelala humo hujamchora."

Nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba ramani haichorwi watu. Alicheka, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. Kisha akaweka kidole juu ya kile kidirisha changu.

"Na mbu wanaingilia hapa?"

Nikamweleza. Chandarua hakiwezekani, tutapuliza dawa ukutani, tutaangalia. Niliposema "tutaangalia" nilijisikia mwenyewe kwamba ni neno la ofisini. Aliikunja ile karatasi taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, akanirudishia.

"Dada, mle ndani nilikuwa nawasikia wale wanaonisema," alisema. "Daktari aliniambia hawapo, nikajikaza, nikajiambia hawapo. Lakini mbu walikuwepo. Sasa wa uongo analia sikioni, na wa kweli analia sikioni, giza tupu. Mtu utajuaje yupi ni yupi?"

Akachutama tena mbele ya ile pampu.

"Chumba chenye mbu mimi siponi humo. Bora Uchindile."

Nilirudi Ifakara nina hasira na kila mtu: na kondakta, na mvua za vuli, na yeye aliyeng'ang'ania mbu wakati tunamwokolea maisha. Hasira ilipopoa ilibaki aibu, na chini ya aibu ilikuwepo hofu. Alikuwa ameniambia wazi nini kitamfanya akubali na nini kitamfanya akatae. Ningepuuza, gogo lilikuwa linamngoja.

Nilifuta mchoro wote isipokuwa kitanda na mlango. Kama mtu hawezi kuwekwa ndani ya chandarua, basi chumba chenyewe kiwe chandarua. Wazo hilo si geni kwetu; ni lile lile walilotuhubiria watu wa mbu miaka yote, la kuziba nyumba badala ya kumfunika mtu, ila hakuna aliyelipeleka kwenye wodi ile. Niliweka madirisha mapana kuta mbili zinazotazamana, yakianzia chini usawa wa goti, ili upepo upite maana pangaboi halipo na joto la Ifakara linaweza kumtia wazimu hata mzima. Juu yake wavu wa chuma cha pua, mzito, usiochanika kwa mkono, umelazwa sawasawa na ukuta na kingo zake kufunikwa kwa papi laini za mbao, hakuna pa kushika. Nje ya vyumba vyote nikachora ukumbi mrefu wenye benchi la ndugu wa wagonjwa, nao umezungushiwa wavu, ili mlango wa chumba ukifunguliwa usifungukie porini. Kwenye kila mlango nikaweka kioo kisichovunjika, katika kimo ambacho muuguzi anamwona mgonjwa, na mgonjwa naye anaona nani anakuja. Hilo la pili mhandisi msimamizi aliliita anasa.

Huyo mhandisi tuligombana naye wiki nzima. Alitaka madirisha madogo yenye nondo. Alisema wagonjwa hawa watarukaruka na kubomoa, na kwamba mimi nachora nyumba ya wageni. Nilimwambia alale usiku mmoja mle kwenye bohari, kisha asubuhi tuzungumze kuhusu nyumba za wageni. Muuguzi kiongozi alikaa katikati yetu akisikiliza kama hakimu wa baraza la kata, mwishowe akasema yeye ndiye atakayeitwa mgonjwa akivunja kitu, na yeye anayataka yale makubwa. Yakapita.

Jengo liliisha mawingu yameshaanza kukaa juu ya milima. Kabla halijakabidhiwa, mimi na muuguzi kiongozi tuliingia chumba cha kwanza wakati wa magharibi, ule wakati mbu wa Ifakara wanapotoka kwenda kazini kwa pamoja. Tukakaa kitandani mikono wazi, kimya, tukisikiliza. Alikuja mmoja. Alikuwa ameingilia chini ya mlango wa ukumbini, mafundi walikuwa wameacha upenyo wa kidole. Nilimpigia simu fundi pale pale, na nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kesho yake upenyo ukazibwa kwa mpira, tukarudi magharibi, tukasikiliza tena. Tulisikia vyura tu, na redio ya mlinzi.

Masika yakaingia, na ugonjwa ukarudi nayo. Mama aliniambia kwenye simu kwamba mdogo wangu hali chakula, anazunguka uani usiku kucha, na amemwambia jambo ambalo mama alinisimulia kwa sauti ya chini sana: kwamba sisi sote tungekuwa na nafuu kama yeye asingekuwepo. Nilikodi gari asubuhi hiyo hiyo. Nilipofika Sanje nilimkuta baba mdogo ameshafika, begi lake mlangoni. Hakuwa adui. Naye alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha.

Nilichuchumaa mbele ya mdogo wangu. Nilimwambia chumba kimekwisha, na kwamba nimekaa humo magharibi mara mbili na mara ya pili sikusikia mbu. Alinitazama kwa muda mrefu kutoka mbali, alikokuwa.

"Umesikiliza mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu."

"Basi twende nikasikilize na mimi."

Baba mdogo ndiye aliyembebea mfuko mpaka garini.

Tulifika hospitali mchana. Daktari alimwona, dawa zikaanza, na muuguzi kiongozi akampekua mifuko na kupekua na kikapu cha mama, kwa adabu, akieleza kila anachokiondoa. Alieleza pia habari ya chandarua: mama asiwe na wasiwasi, hapa hatutumii, chumba chote kimezibwa. Mama aliitikia "Ndiyo mwanangu, ndiyo daktari," kwa unyenyekevu ambao ningepaswa kuutilia shaka. Mama yangu akiwa mnyenyekevu namna ile, ujue ameshaamua lake.

Kuelekea magharibi nilimwacha mama na mgonjwa, muuguzi wa zamu akiwa ukumbini, nikaenda kununua chai na wali kwa mama lishe nje ya geti. Niliporudi nilitazama kupitia kioo cha mlango, na chai ikanimwagikia mkononi.

Mdogo wangu alikuwa amelala chali. Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, miguu mitupu, mmoja kila upande wa kichwa cha mwanawe, mikono yake yote miwili ameinyoosha juu, na mikononi ameshika chandarua. Kile chake cha nyumbani, cha bluu, chenye kiraka. Alikuwa amekizungushia kiunoni chini ya kitenge, na kuingia nacho mbele ya macho ya watu wote. Alikuwa ameshatafuta pa kukifunga kila mahali na hakupata, kwa hiyo alikuwa anakishikilia yeye mwenyewe. Kilishuka kutoka vidoleni mwake mpaka kwenye godoro, kikamfunika mwanawe kila upande. Kwa umri wa mama, hata ndoo haiinui tena.

Nilifungua mlango kwa nguvu.

"Mama! Shuka!"

"Nitashuka nikipata pa kukifunga."

"Hakuna pa kukifunga, mama. Mimi ndiye niliyehakikisha hakuna."

"Basi nitasimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kuche. Na kesho tena."

Nikapandisha sauti. Nilimwambia anavuruga kazi ya miezi, kwamba alielezwa na akaitikia, kwamba kama kuna kitu ambacho hakitakiwi kuwemo mle ndani ni hicho alichokishika. Muuguzi wa zamu alikuwa ameshafika nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama juu, kwenye dari yangu laini isiyo na kitu.

"Baba yenu alipofariki," alisema, "nilikishusha chandarua chake kwa mikono hii, nikakikunja, kitanda kikabaki kitupu. Wale watoto wawili, vilevile. Ndivyo ninavyojua mimi. Mtu aliye hai ana chandarua. Kitanda kisicho nacho ni cha marehemu. Sasa wewe, mtoto niliyekusomesha, umeniletea mwanangu kwenye kitanda cha marehemu unaniambia nikae chini ninywe chai?"

Nililia. Sikujizuia, wala sikuona haya mbele ya muuguzi. Nilikuwa nimekifikiria kile chumba kwa macho ya mtu anayetaka kufa na kwa masikio ya mtu anayesikia sauti, nilikuwa nimegombana na mhandisi na mafundi na mvua, na haikunijia hata mara moja kufikiria mtu wa tatu, yule anayemsindikiza mgonjwa mpaka kitandani halafu anatakiwa ampe kisogo aondoke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema hivyo kila siku. Kumbe mama alikuwa ameubeba peke yake mbele yangu, na mimi nampigia kelele.

Mdogo wangu ndiye aliyesema. Dawa zilikuwa zimemfanya mzito, na maneno yalimtoka moja moja.

"Mama. Nyamaza kidogo. Sikiliza."

Tukanyamaza sote. Nje kulikuwa kumeshaanza giza, wavu umegeuka kijivu, na upepo wa mvua ulikuwa unapita kutoka dirisha hili kwenda lile. Vyura walikuwa wanalia kwenye mtaro. Mahali fulani mtoto alikuwa anaitwa aingie ndani. Tulisikiliza kwa muda, mama akiwa bado amesimama mikono juu, kichwa ameinamisha upande kama anavyofanya akimtafuta mbu chumbani kwake.

"Unamsikia?" mdogo wangu aliuliza.

"Bado," mama alisema.

Tukaendelea kusikiliza.

"Unamsikia?"

Mikono ya mama ilianza kushuka, kidogo kidogo, mpaka chandarua kikamwangukia mwanawe usoni, naye akakiondoa mwenyewe na kukikusanya kifuani kama nguo. Nilimshika mama nikamshusha. Mdogo wangu akamkabidhi chandarua chake.

"Kirudishe nyumbani, mama. Nitakikuta."

Mama alikikunja vizuri, akampa muuguzi mkononi, bila kuambiwa. Nilidhani sasa atatoka. Badala yake alikwenda kwenye dirisha la kwanza, akaweka vidole kwenye papi, mahali wavu unapoingia ukutani, akaanza kuminya. Aliminya upande wa juu hadi alipofikia, akashuka na upande wa kushoto, akapita chini, akapanda kulia, bila kuruka mahali. Muuguzi alitaka kumwambia kwamba pale pameshafungwa kwa skrubu na hapahitaji kuguswa. Nilimwashiria aache, maana nilikuwa nimeshaona anachofanya. Alikuwa anamchomekea mwanawe chandarua.

Alipomaliza dirisha lile alifuta mikono kwenye kitenge, akamgusa mdogo wangu paji la uso, akageuka kuelekea mlangoni.

"Mama," mdogo wangu alimwita, macho yake yakiwa kwenye lile dirisha jingine. "Huku miguuni bado."

Mama akarudi, akapiga magoti sakafuni, akaanzia kwenye pembe ya chini, akaminya taratibu mpaka upande wa pili. "Tayari," alimwambia. Mdogo wangu akafumba macho.